Bunduki ya .22 kwa sungura na mbweha

Ndugu yangu, umeuliza kama bunduki moja ya .22 (ile ndogo, yenye risasi ya kipenyo cha inchi 0.22 hivi) inatosha kwa sungura na mbweha, jioni, kwenye shamba la rafiki yako huko Norfolk, mashariki mwa Uingereza, nawe huna cheti cha silaha.

Kwa sungura inatosha, mradi usizidi mita 50 hivi na bunduki iwe imeegemezwa vizuri. Kwa mbweha, hapana. Utamjeruhi tu, aende kufa polepole kichakani, na hilo ni ukatili. Mbweha anahitaji .223, yenye kipenyo kinachokaribiana na hicho lakini baruti nyingi na kasi kubwa zaidi, au inayolingana nayo.

Kinachonitia hofu zaidi ni kilicho nyuma ya mnyama. Risasi ya .22 huruka zaidi ya kilomita moja, na ikigonga jiwe au ardhi ngumu hubadili mwelekeo. Fyatua pale tu unapoona udongo nyuma yake. Sungura aliyesimama juu ya mgongo wa kilima, mwache, hata kama ni wa kwanza kumwona jioni nzima. Usilenge macho yanayong'aa kwenye tochi: huenda ni paka wa jirani au mwana-kondoo. Uone mwili mzima.

Sheria ya Uingereza inamruhusu mwenye cheti, mwenye haki ya kuruhusu watu kuwinda pale au aliyeidhinishwa kwa maandishi na mwenye haki hiyo, akuazime bunduki yake ukiwa na miaka 17 au zaidi, ila lazima awepo nawe muda wote.

Fikeni kabla jua halijazama, mkae kimya kando ya ua wa miti, upepo ukiwapiga usoni. Na majira ya kuchipua, mbweha jike huwa ananyonyesha. Kama hasumbui kondoo, mwacheni hadi watoto wake wakue.