Mleta mada, hiyo barua ya kuacha kazi usiipeleke Jumatatu

Usiipeleke. Itie kwenye droo, funga, halafu ndio uendelee kusoma.

Umeandika wewe ni nesi hospitali ya wilaya, mwaka wa sita kazini, furaha huna, ukifikiria shifti moyo unakuwa mzito, una kipaji cha keki na kila anayeonja anakusifia, Jumatatu unatoa notisi ya saa 24, na unachouliza ni ununue oveni ya gesi au ya umeme, wateja uwapateje nje ya Instagram na mumeo umwambieje. Mdogo wangu, nimetetemeka. Toa keki weka mapambo ya harusi, hiyo ni habari yangu mimi mwanzo mwisho. Na wale mnaojiandaa kuja na "dada una roho mbaya, unamkatisha mwenzio tamaa", piteni kwa amani, keki zake nitanunua mimi wa kwanza, tena ya ghorofa.

Nilikuwa nesi wa leba, hospitali ya serikali. Niliacha Januari 2023. Notisi ya saa 24 inasikika tamu lakini maana yake unamlipa mwajiri mshahara wa mwezi mmoja ndio uondoke, kwahiyo mimi nilikopa kwa shoga yangu ili nilipie ruhusa ya kukosa mshahara. Mkopo wa benki niliokuwa nakatwa juu kwa juu ulibaki vilevile, benki haina habari na ndoto zako, wao wanataka tarehe ikifika hela iwepo.

Halafu angalia mwaka nilioingilia. Kwaresma ya 2023 ilianza tarehe 22 Februari, Wakristo hawafungi ndoa. Kabla Pasaka haijafika, Machi mwishoni Ramadhani nayo ikaingia, Waislamu nao wakasimama mpaka Idi, Aprili inaisha. Mwenye mapambo anakula nini hapo katikati? Vitambaa na viti nimeshanunua, stoo nimeshalipia kodi, simu haiiti. Nilipokuwa nafanya mapambo wikiendi huku nina mshahara hizo miezi nilikuwa naziona ni za kupumzika, sikuwahi kujiuliza kwanini.

Na harusi zenyewe zilipoanza, kamati inakupa advansi, nyingine wanasema baada ya shughuli. Baada ya shughuli wanakaa kikao cha kuvunja kamati, wanakula mbuzi, wanapongezana, basi, kamati haipo tena, unamdai nani? Mwenyekiti anakwambia muulize mhazini, mhazini anakwambia michango haikufika, bwana harusi yuko fungate simu kazima. Mimi mapambo nilikuwa nayapenda jamani, kuna raha kuona ukumbi mtupu wenye harufu ya popo unageuka. Ila kupenda kitu na kukitegemea kikulipie umeme ni mambo mawili. Saa tisa usiku nipo juu ya ngazi nafunga pazia la jukwaa kuu, pini mdomoni, shangazi wa bibi harusi amesimama chini anasema hii siyo pichi hii ni salmoni, toa yote. Nikatoa yote, maana hela ya mwisho iko mikononi mwao.

Hayo yote ningeyavumilia. Lililoniumiza ni bima. Mtumishi anakatwa asilimia 3, mwajiri anaweka 3 nyingine, kadi inakubeba wewe, mwenza na wategemezi wanne, unakaa miaka unaona ni kile kimstari kidogo tu kwenye salari slipu. Mama yangu ni mgonjwa wa sukari, alikuwa anatibiwa kwa kadi yangu. Alienda kliniki kama kawaida yake dirishani wakamwambia mama kadi haisomi. Akarudi nyumbani na mkoba wake, hakunipigia. Alianza kubana dozi, anachoma leo kesho anaruka, eti asinisumbue mwanangu ndio anaanza biashara. Nimekuja kujua ameshalazwa, sukari imepanda haishuki, na mimi ndio nesi wa familia. Amepona, namshukuru Mungu, lakini mguu wa kushoto ganzi haijatoka mpaka leo. Wewe umeandika unaishi na wakwe zako. Wako kwenye kadi ya nani?

Sasa aliyenipeleka huko. Kuna motivesheni spika mmoja, jina namhifadhi, tulilipa kiingilio tukajaa ukumbini, akatuambia mshahara ni kamba ya mbuzi, anayeogopa kuikata atakufa amezungukia mti mmoja. Watu tukasimama tukapiga makofi, wengine tunalia. Akatuwekea Steve Jobs, mwanzilishi wa Apple, ile hotuba ya Chuo Kikuu cha Stanford ya 2005, kwamba kama hujapata kazi unayoipenda endelea kutafuta, usitulie. Hakutuambia kwamba Apple inaanzishwa 1976 Wozniak, mwanzilishi mwenzake aliyeitengeneza ile kompyuta kwa mikono yake, alikuwa bado ameajiriwa kampuni ya Hewlett-Packard, mshahara unaingia! Hilo kalificha au hakulijua, vyovyote vile asingesimama mbele ya watu wenye wazazi wagonjwa akawaambia kateni kamba. Yeye kamba yake ilikuwa vile viingilio vyetu na hakuikata. Nilimtafuta baadaye nimuulize nifanyeje, akanitumia bei ya kozi ya pili.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba unesi haukuwa na shida. Nilikaa nyumbani nikaanza kuukumbuka. Nilichokichukia ni naiti mfululizo, leba nzima nesi mmoja, kina mama wamejaa, unajaza partografu, ile chati ya uchungu, ya huyu yule anasukuma, na inchaji, mkuu wa wodi, ambaye rosta aliipanga kwa kuangalia nani kamsalimia vizuri. Nikafunga vyote kifurushi kimoja nikaviita "kazi siipendi". Wenzetu WHO, Shirika la Afya Duniani, mwaka 2019 waliuweka uchovu huu kwenye ICD-11, ule mwongozo wao wa kuainisha magonjwa na hali za afya, wakasema unatokana na msongo wa kazini usioshughulikiwa: nguvu zinaisha, unaanza kuichukia kazi yako, unajiona huwezi tena. Soma tena post yako uone kama hujaandika hayo matatu. Mtu aliyechoka hivyo hata umpe kazi ya kuonja asali ataichukia.

Sasa hivi niko kituo cha afya cha mtu binafsi, kliniki ya mama na mtoto, asubuhi mpaka jioni. Mshahara ni mdogo kuliko ule wa serikali na pensheni nimeanza upya. Lakini mtoto akiwekwa kwenye ile mizani ya kuning'inia, mama yake kashika pumzi, mwezi uliopita uzito ulishuka, nikamwonyesha kwenye kadi mstari umepanda, akanishika mkono hakuachia, hapo naijua kabisa kwanini nilisomea hiki kitu. Na hiyo kliniki ilikuwepo kwenye hospitali niliyoiacha, jengo la pili kutoka leba. Sikuwahi kuomba kuhamishiwa, hata siku moja.

Kwahiyo kanuni yangu ni moja tu na nitaisema mpaka mnichoke: HAMA WODI KABLA HUJAHAMA KAZI. Wewe hujasema popote kama umeshaomba. Chukua daftari, kila ukitoka shifti andika kilichokukera leo: kazi yenyewe, ratiba, au mtu. Ukiona mgonjwa ndiye anakukera, hata yule anayepona na kukushukuru, sawa, unesi siyo wako, jipange taratibu utoke. Ukiona ni jina la inchaji linajirudia, dawa yake siyo oveni.

Halafu pensheni ya kila mwezi inataka uchangie miezi 180, wewe hujafika hata nusu. Na kama ni lazima upumzike kuna likizo bila malipo, kaulize masharti yake.

Jumatatu ingia kwa matroni, siyo na barua ya kuacha, na barua ya kuomba kubadilishiwa kitengo, taja OPD, yaani wagonjwa wa nje, au kliniki, taja na naiti ulizofanya mfululizo. Kabla ya hapo nijibu hapahapa: uko wodi gani, na mara ya mwisho kwenda likizo ilikuwa lini?