Deni moja, mistari miwili: majibu kwa wasomaji kuhusu ripoti ya mikopo

Safu hii imepokea barua nyingi zenye kilio kimoja: ripoti ya mikopo inaonyesha madeni mengi kuliko anayodaiwa mtu. Tumechagua nne ambazo majibu yake yatawafaa wengi.

SWALI: Wahariri, hongereni kwa kazi. Mwaka 2021 nilikopa shilingi milioni 6 benki, marejesho yanakatwa kwenye mshahara. Februari 2023 nikaongeza, mkopo ukawa 9,500,000. Juzi nimeomba mkopo wa kumalizia nyumba kwenye benki nyingine, nikaambiwa nina madeni mawili na moja ni chechefu, yaani limecheleweshwa kupita kiasi. Ripoti inasema mkopo mpya umebaki 5,200,000 na ule wa zamani 3,480,000, umechelewa siku 730. Sijawahi kuruka rejesho hata moja. Nikienda benki wananiambia niende CRB, taasisi inayotoa ripoti za mikopo, CRB wananirudisha benki. Nianzie wapi?
*Mwalimu, Tabata*

JIBU: Mwalimu, anzia benki iliyokukopesha. CRB hawatungi ile mistari ya madeni unayoiona kwenye ripoti. Wakopeshaji wanapeleka taarifa za mikopo yao kwenye kanzidata ya Benki Kuu, na taasisi zenye leseni, Creditinfo na Dun & Bradstreet, zinazipata huko na kuzitengenezea ripoti. Kwa hiyo hata mstari ukiondolewa leo kwenye ripoti, benki ikituma tena faili lenye kosa lilelile, deni linarudi. Hapo ndipo wengi wanapokata tamaa, wakidhani wamedanganywa. Kinachotakiwa kurekebishwa ni kumbukumbu za benki zenyewe.

Kwa jinsi ulivyoeleza, kosa limetokea siku ya kuongeza mkopo, ile wanayoiita topapu. Benki hufungua mkopo mpya, inachukua sehemu ya fedha zake kumaliza wa zamani, na kinachobaki ndicho kinachoingia kwenye akaunti yako. Mkopo wako wa zamani ulilipwa, ila hakuna aliyeufunga kwenye mfumo, kwa hiyo unaendelea kutumwa kama mkopo hai usiolipwa. Ndiyo maana siku za kuchelewa zimefika 730, miaka miwili kamili. Zikishapita 90 tu, mkopo unahesabiwa chechefu.

Ushahidi wako mkubwa umo kwenye taarifa ya akaunti ya siku ile ya Februari 2023. Toa 3,480,000 kwenye 9,500,000, zinabaki 6,020,000. Kama kiasi kilichoingia kwenye akaunti yako ni hicho, pungufu ya ada na bima, basi zile 3,480,000 zililipa deni la zamani siku hiyohiyo, na benki yenyewe ndiyo iliyozikata. Piga mstari chini ya muamala huo kwa kalamu. Ambatanisha slipu za mshahara za miezi mitatu au minne: zinaonyesha makato ya benki hiyo mara moja tu kwa mwezi. Weka pia mikataba yote miwili, taarifa za mikopo yote miwili (hizi ni tofauti na taarifa ya akaunti, ziombe kwa jina lake), ripoti yenyewe na nakala ya kitambulisho cha NIDA.

Sasa barua. Andika kwa meneja wa tawi, taja namba ya NIDA tarakimu zote 20, namba ya mkopo wa zamani na ya mpya kama zilivyo kwenye ripoti, kisha omba mambo haya bila kuzunguka: mkopo wa zamani uonyeshwe umefungwa tarehe ya topapu, salio liwe sifuri, na miezi yote ya kuchelewa iliyoandikwa baada ya tarehe hiyo iondolewe. Ombi hili la mwisho ndilo watu wanalolisahau. Benki inafunga mkopo leo, salio linakuwa sifuri, mteja anashukuru na kuondoka, kumbe historia bado inasema alichelewa miaka miwili ndipo akalipa. Benki ya pili ikisoma hivyo, inakunyima vilevile.

Peleka nakala mbili. Moja wabaki nayo, ya pili wagonge muhuri wa kupokea, waandike tarehe na mpokeaji asaini. Afisa akikuambia "acha tu, tutashughulikia", msubirie muhuri kwa upole. Bila muhuri huna kitu cha kuonyesha mbele. Siku hiyohiyo wasilisha malalamiko kwa maandishi kwenye taasisi iliyotoa ripoti, ili wao pia waiulize benki.

Benki ikikaa kimya au ikikataa bila sababu, peleka nakala yenye muhuri kwenye dawati la malalamiko la Benki Kuu, ofisi zao za Dar es Salaam ziko Mtaa wa Mirambo. Watakuuliza kwanza kama ulishalalamika benki, na muhuri utajibu. Pia Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inakupa haki ya kudai taarifa zako zisizo sahihi zirekebishwe. Itaje kwenye barua.

Ukishajibiwa, omba barua ya benki inayothibitisha marekebisho, kisha subiri taarifa za mwezi unaofuata zipite ndipo uchukue ripoti mpya. Ukiichukua mapema utakuta mstari uleule na utaumia bure. Ichukue tena mwezi mwingine baadaye, kuhakikisha deni halijarudi.

SWALI: Benki iliyonikopesha iliunganishwa na nyingine. Ripoti yangu ina mkopo chini ya jina la benki ya zamani, 2,750,000, na mwingine chini ya benki mpya, 2,750,000 hiyohiyo. Ni kweli nimechelewa kulipa. Nilipe wapi, na huu wa pili unaondokaje?
*Mfanyabiashara, Kariakoo*

JIBU: Kaka, lipa benki mpya, kwenye akaunti ya mkopo iliyopo kwenye barua au mkataba waliokupa baada ya kuungana. Benki zikiungana, madeni huhama na mali nyingine. Si jambo geni hapa nchini: Twiga Bancorp iliingia TPB (iliyokuwa Benki ya Posta) mwaka 2018, TIB Corporate ikafuata 2020, na 2021 TPB ikawa Tanzania Commercial Bank. Akaunti zikihamishiwa mfumo mwingine, mkopo unaweza kupewa namba mpya huku mstari wa zamani ukibaki umeganda kwenye kanzidata.

Kuutambua ni rahisi. Linganisha tarehe ya kufunguliwa, kiasi cha awali na tarehe ya mwisho ya kuhuishwa. Viwili vya kwanza vikifanana na cha tatu kikawa kimesimama kwenye kipindi cha muungano, hilo ni deni moja. Viwili vya kwanza visipofanana, usikimbilie kulalamika, inawezekana kweli ulikopa mara mbili.

Ombi lako lina tofauti na la mwalimu wa Tabata. Yeye alikuwa na mikopo miwili ya kweli, mmoja ukalipwa, kwa hiyo wa zamani unafungwa. Wewe ulikuwa na mkopo mmoja tu. Mstari wa benki ya zamani ufutwe, usifungwe. Ukifungwa utabaki kwenye historia kama mkopo chechefu wa pili. Taja wazi namba ya mstari unaotaka ufutwe na ule unaotaka ubaki. Anayeandika tu "naomba mfute deni moja" anaweza kufutiwa ule wenye kumbukumbu za malipo yake.

Na tafadhali usilipe mistari yote miwili ili yaishe. Utakuwa umelipa zaidi ya unachodaiwa, na kurudishiwa ni safari nyingine ndefu. Kuchelewa kwako kwa kweli hakutaondoka kwa malalamiko haya. Panga na benki namna ya kulipa.

SWALI: Kuna kijana anasema kwa 150,000 anasafisha CRB ndani ya siku tatu. Nimpe?
*Msomaji, Mwananyamala*

JIBU: Usimpe, na usimpe picha ya kitambulisho chako wala namba ya siri inayotumwa kwenye simu. Taarifa ya kweli hakuna wa kuifuta kwa ujanja, na ya uongo unairekebisha mwenyewe kwa barua. Anachoweza kufanya na kitambulisho chako ni kukopa kwa jina lako.

SWALI: Kikundi chetu tuko watano, tulikopa 5,000,000, kila mmoja milioni 1. Ripoti yangu inaonyesha 1,000,000 na pia 5,000,000. Nimeandikiwa mara mbili?
*Mama wa biashara ya samaki, Mbagala*

JIBU: Mama, tazama nafasi uliyoandikiwa kwenye kila mstari. Kama kwenye ile milioni 5 umeandikwa mdhamini, hilo si kosa. Mikopo mingi ya vikundi mnadhaminiana, na sahihi yako iko kwenye ukurasa huo. Mwenzako akichelewa, kuchelewa kwake kunaweza kuonekana na kwako.

Ukiwa umeandikwa mkopaji wa milioni 5 nzima, hapo limetokea kosa la kuingiza taarifa. Chukua mkataba wa kikundi wenye mgawanyo wa kila mwanachama, pamoja na daftari la marejesho, uende kwa mkopeshaji kama tulivyomweleza mwalimu. Uombe usomeke mkopaji wa milioni 1 na mdhamini wa mkopo wa kikundi.

Kumaliza milioni yako peke yake hakukutoi kwenye udhamini. Ukitaka kutoka kabla kikundi hakijamaliza, mkopeshaji lazima akubali mdhamini mwingine na akupe barua ya kukuondoa. Barua hiyo iwe na tarehe, ili chochote kitakachocheleweshwa baada ya hapo kisisomeke kwako.