Besi ina nyuzi mpya na bado inalia ovyo? Anza na briji

Wakuu habari zenu. Madogo wa kwaya huku kwetu Kigoma, mara wa Gungu mara wa Ujiji, kila siku wananitumia voisi kulalamikia gitaa la besi. Malalamiko ni yaleyale tu, nyuzi amefunga mpya zinang'aa lakini akipiga wazi bila kubonyeza iko sawa, akipanda juu sauti inaenda pembeni, au uzi wa E, ule mnene kuliko wote, unalia bubu kana kwamba umefunikwa, au kile kidonge cha shaba mwishoni mwa uzi kimepita kwenye tundu la briji, kile chuma cha kwenye tumbo la besi kinachoshika mwisho wa nyuzi, kikaingia ndani. Na kila mmoja kabla hajaniuliza ameshamlaumu mtu, wengine ampu, wengine pikapu, ile sumaku inayonasa sauti ya nyuzi, wengine fundi mitambo wa watu, wengine wanasema besi yenyewe feki. Jamani, feki zipo kweli, ila kwa magitaa yanayopita mikononi mwangu mara nyingi shida ni uzi na briji kutopatana, na hiyo unaitibu nyumbani kwa bisibisi na rula.

Sasa kwetu hili jambo ni zito kuliko kwa mtu wa Dar, maana sisi tupo mwisho wa reli. Mtu wa Dar akinunua seti isiyofiti anapanda daladala anarudi dukani wanagombana anabadilishiwa. We seti inakuja kwa basi au unampa hela mtu anayeshuka na treni, kilomita zaidi ya 1,200, ikifika haifiti ndo imekula kwako. Kuna duka moja nimewahi kuagiza nyuzi za besi ndefu wakanitumia za fupi, nikapiga simu naambiwa "mkuu nyuzi za besi ni nyuzi za besi tu". Sio kweli. Kwa hiyo pima kwanza ndo utume hela.

Kupima chukua futi ya fundi cherehani, weka mwanzo wake pale shingo inapokutana na kichwa, kwenye kile kipande cheupe chenye mifereji minne, shuka nayo mpaka fureti ya 12 (fureti ni vile vyuma vyembamba vilivyolala kukatiza shingo), kwenye chuma chenyewe sio kwenye uwazi, halafu zidisha mara mbili. Ukipata sentimita 43 na kidogo hapo kwenye 12 basi ni besi ndefu, inchi 34, urefu ambao Leo Fender, mtengeneza magitaa wa Marekani, alianza nao kwenye besi yake ya Precision mwaka 1951 na mpaka leo besi nyingi madukani zinaufuata huo. Ukipata 38 ni fupi, inchi 30, kama ile Höfner ya umbo la fidla aliyokuwa anapiga Paul McCartney wa Beatles. Ipo na ya katikati ya inchi 32, hii utapata 40 na nusu hivi. Usipime moja kwa moja mpaka kwenye briji, maana vile vyuma vidogo ambavyo uzi unakalia, mi naviita vikalio, vinasogezwa mbele na nyuma kwa hiyo namba itakudanganya.

Halafu geuza besi uangalie mgongoni. Ukiona matundu manne yenye pete za chuma maana yake uzi unaingilia nyuma, unapenya ubao mzima ndo unatokea kwenye briji, na hapo unahitaji uzi wenye urefu wa ziada, sentimita nne au tano hivi. Besi nyingi za bei yetu hazina hayo matundu, uzi unaingilia kwenye kisogo cha briji. Hiki kitu mwambie muuzaji, tena mpigie picha briji kwa juu na mgongo wa besi umtumie WhatsApp, andika na unene unaotaka. Seti ya kawaida ya nyuzi nne ni 45 mpaka 105, hizo ni sehemu za elfu za inchi, kwa hiyo E ya 105 ina milimita 2.7 hivi. Kama hujui uliyonayo ni ngapi na una rafiki fundi mwenye venia, kile kipimo cha unene, aipime.

Tuje kwenye ule ububu wa E. Niliwahi kuletewa besi moja ya kwaya, nyuzi zimefungwa juzi tu, zile tatu nyembamba, G na D na A, zinaimba vizuri, E ukiipiga inasema "bup" inakata. Jamaa walishabadilisha mpaka waya wa kwenda kwenye ampu. Nikaiinamisha kwenye mwanga wa dirisha nikaangalia briji kwa ubavu. Uzi wa besi mwishoni kwenye kidonge huwa umezungushiwa kitambaa cha rangi, huu ulikuwa mwekundu, na kile chekundu kilikuwa kimevuka kikalio kimetokeza mbele yake kama upana wa kidole. Maana yake kinachokaa juu ya chuma ni kitambaa, na kitambaa kinameza mtetemo, hapo hata ufunge ampu ya uwanja wa Lake Tanganyika itasema bup tu. Kitambaa kinatakiwa kiishie nyuma ya kikalio, chuma kikutane na chuma.

Dawa yake ni kuurudisha uzi nyuma. Nilienda kwa fundi friji nikaomba kipande cha bomba la shaba la robo inchi, vile vipande vyao wanavyotupa, nikakata sentimita moja na nusu, nikalainisha ncha kwa tupa, nikakivalisha kwenye uzi kikaja kukaa kati ya kidonge na kisogo cha briji. Kidonge hakiwezi kuingia kwenye bomba la hivyo, kinagota pale mwanzoni, basi uzi wote unarudi nyuma kwa urefu wa lile bomba na kitambaa kinatoka kwenye kikalio. Kwa nyuma kinatokeza kidogo, sio kizuri sana kwa macho, lakini nani anaangalia kisogo cha briji mbele ya kwaya ya watu arobaini? Angalia tu kabla ya kufanya hivyo kama uzi una urefu wa kutosha upande wa kichwani.

Na upande wa kichwani nako kuna kitambaa, hicho kinatakiwa kianze baada ya kipande cheupe, kisikae kwenye mfereji. Ukiona seti ndefu umeiweka kwenye besi fupi utakuta kinyume chake, uzi mnene wote bado haujaisha na unalazimika kuuzungusha kwenye funguo za kutunia ukiwa na unene wake, hapo ndo zinakatika au zinalegea kila baada ya wimbo. Ukikata uzi wa ziada, ukunje kwanza kwa plaizi uwe kona kabisa ndo ukate mbele ya kona, usikate uzi ulionyooka maana ule waya wa juu unafumuka mpaka kwenye sehemu inayotoa sauti. Acha kama sentimita 10 kupita funguo, inatosha mizunguko miwili mitatu.

Kidonge kinachopita tundu ni kitu kidogo, tundu limelika au limetobolewa kubwa toka kiwandani, tafuta washa ndogo kwa fundi baiskeli, ya tundu la milimita 4, ivalishe kwenye uzi kabla ya kuingiza, kwisha. Hapo kwa fundi baiskeli usishawishike na waya wa breki. Najua vijana wanaojitengenezea magitaa ya mbao wanautumia na wanapiga vizuri tu, heshima kwao, ila kwenye besi ya dukani ule waya hautuni sawasawa ukipanda juu na unakula fureti haraka.

Wapo pia wanaotaka kutoa G, wahamishe zote, waweke B kubwa ya 130 ili besi iende chini kama ya nyuzi tano. Inawezekana. Ila 130 ni milimita 3.3, mfereji wa kipande cheupe ulichongwa kwa ajili ya E, uzi utakaa juu juu hautazama, na kwenye kikalio utateleza. Itabidi upanue mfereji, na njia nzuri ni kuchukua kipande cha uzi wa zamani wenye unene unaoukaribia huo, uuzungushie msasa laini, usugue taratibu ukijaribu kila mara, upanue ubavuni, usiende chini, maana ukizama sana uzi wazi utaanza kukwaruza fureti ya kwanza na kurudisha hapo ni kazi. Mi kwa maoni yangu kama kwaya ina hela ya kuchezea hivyo bora wajichange wanunue ya nyuzi tano.

Sasa hii ya kutuni ndo nataka tukae nayo kidogo, kwa sababu ya muziki wetu. Mtu anayepiga nyimbo za taratibu anakaa fureti ya 1 mpaka 5 maisha yake yote, hatajua kama briji imekaa vibaya. Ila huku tumelelewa na redio za ng'ambo ya ziwa, sebene, ile sehemu ya kasi ya kuchezea, ikifunguka mpiga besi anapanda juu ya 12 anachezea huko, na huko ndo besi isiyowekwa sawa inamuumbua, solo iko kwenye ufunguo wake na we uko kwako.

Jaribu hivi. Gusa uzi kwa kidole juu kabisa ya chuma cha fureti ya 12 bila kubonyeza, piga, utapata ile sauti nyembamba kama kengele. Halafu bonyeza kawaida fureti hiyohiyo, piga. Zinatakiwa zilingane. Ile ya kubonyeza ikiwa juu kuliko ya kengele, kikalio kirudi nyuma, mbali na shingo, ikiwa chini kije mbele. Legeza uzi kidogo kwanza ndo uzungushe skurubu ya nyuma, usiivute kikalio kikiwa na mzigo utaua kichwa cha skurubu. Tuni tena, pima tena, rudia mpaka zikubaliane. Tyuna ya kwenye simu ni sawa, ila E wazi ni Hz 41, yaani mitetemo 41 kwa sekunde, na maiki nyingi za simu huko chini hazisikii vizuri, namba zinarukaruka, wewe tunia kwa ile ya kengele ambayo ni Hz 82, inatulia.

Mwishoni vikalio vinne vitakaa kama ngazi, cha E nyuma zaidi. Na hapa kuna mtego kwenye besi za bei nafuu: unarudisha kikalio cha E nyuma, nyuma, kinagota, na bado sauti iko juu. Watu wanakata tamaa hapa. Angalia ile springi ndogo iliyovaa skurubu, imebanwa mpaka imekuwa ukuta. Itoe, ikate nusu kwa plaizi, rudisha. Utapata milimita kadhaa na mara nyingi ndo hizohizo zilikuwa zinatakiwa. Na kabla hata ya kugusa skurubu, uzi ukiwa mpya ubonyeze kwa dole gumba mbele tu ya kikalio ukunjike pale vizuri, maana uzi mnene hupanda kikalio kwa mgongo wa duara na hapo vipimo vyote vinakuwa vya uongo. Nyuzi zilizochoka za miaka nazo usizipimie, hazitakubali kamwe.

Kimo cha uzi juu ya fureti, E iwe kama milimita 2.5 kwenye 12 na G milimita 2, skurubu mbili za kila kikalio ziwe sawa kisiegemee upande. Ufunguo wake wa alenki kwa besi nyingi za Asia ni milimita 1.5, za Marekani huwa 0.050 ya inchi ambayo ni ndogo kidogo, usilazimishe mdogo kwenye kubwa, unakomba tundu. Skurubu hizo zikishika kutu, na zitashika na mvua zetu hizi na jasho, tone la mafuta ya cherehani usiku mmoja. Kuna dogo alipaka mawese. Jamani mawese ni ya kupikia mgebuka, samaki wetu.

Kama vikalio viko sawa na bado G inaanguka pembeni ya shingo, usiilaumu briji haraka. Legeza nyuzi kiasi, legeza zile skurubu nne za shingo robo mzunguko tu, isukume shingo kidogo kwenda upande unaotaka huku ukiangalia nafasi pande zote mbili, kaza.

La mwisho ni briji yenyewe kung'oka. Nyuzi nne zikivutwa zinakaribia kilo 80, na briji imeshikwa na skurubu tatu au tano kwenye ubao ambao saa nyingine ni laini kama sanduku la nyanya. Ukiona kisogo chake kimenyanyuka hata kidogo usiongeze skurubu nene, utapasua. Legeza nyuzi zote, fungua briji, utakuta chini yake waya mwembamba umelala, huo usiupoteze na uhakikishe unagusa chuma ukirudisha, ukiusahau besi itavuma na kushika nyuzi hakutaituliza. Jaza matundu kwa vijiti vya meno na gundi nyeupe ya seremala, au chonga vijiti vya mninga kama una fundi karibu, kata vikae sawa na ubao, toboa upya kwa keekee ndogo kuliko skurubu. Gundi iachwe mpaka kesho yake ndo uvute nyuzi, na kama hiyo kesho ni Jumapili basi kwaya iimbe na kinanda.