Mkate wa nyanya haungoji wageni

Mhariri,

Swali lenu la wiki hii linauliza ni kitafunio gani ambacho mtu asiyezoea jiko anaweza kuwaandalia wageni wakati chakula chenyewe kinaendelea kuiva, nanyi mkatoa mfano wa mkate wa kuchoma uliotandazwa nyanya mbichi na majani ya mrihani, ule ambao Waitaliano huuita bruschetta. Laiti mngeishia hapo, nisingeshika kalamu. Lakini mliongeza kwamba uzuri wa kitafunio hiki ni kuwa huandaliwa mapema, hupangwa kwenye sinia na kuachwa mezani, kisha mwenyeji akaenda kuoga na kubadili nguo. Sentensi hiyo ndiyo ninayoijibu, kwa sababu naamini imeharibu masinia mengi kuliko nyanya mbovu, na msimamo wangu ni kwamba chakula hiki hakimfai kabisa mtu asiyejua kupika.

Tazameni kinachotokea. Kipande cha mkate kinapochomwa, uso wake hupoteza unyevu, hubadilika rangi na kuanza kunukia, na ukavu huo ndio unaotafutwa. Nyanya nayo ni maji kwa karibu sehemu 95 katika kila 100, na maji hayo hayatulii: kisu kikishapita na chumvi ikishanyunyizwa, chumvi huyavuta kutoka ndani ya nyama ya tunda na kuyafanya yachuruzike. Mchanganyiko huo ukiwa umekaa juu ya mkate, maji hayana pengine pa kwenda ila ndani ya mkate. Mafuta ya zeituni yakipakwa kwanza huyachelewesha, lakini hayayazuii. Nusu saa baadaye mgeni hushika kipande kwa ncha za vidole, kikajikunja katikati, nyanya zikamwangukia kifuani, naye kwa adabu akasema ni kitamu sana.

Nayajua haya kwa sababu ya mama yangu mdogo, ambaye alikuwa mpole katika kila jambo isipokuwa hili. Jioni moja aliwaalika ndugu nyumbani kwake, na mjomba, kaka yake mkubwa, akafika kabla ya wengine akiwa na njaa. Alipochungulia jikoni alikuta nyanya zimekatwa vipande vidogo na kuwekwa kwenye chujio juu ya bakuli, mkate umekatwa lakini haujachomwa, na mashina ya mrihani yamesimamishwa ndani ya glasi ya maji. Akauliza, "Dada, kila kitu kiko tayari, unangoja nini?" Mama mdogo akamjibu bila kugeuka, "Nakungoja wewe ukae, kaka." Mjomba alicheka, lakini hakukaa. Alisimama mlangoni, akiegemea fremu, akitoa ushauri ambao hakuna aliyeuomba.

Wageni waliendelea kuingia wawili wawili, na mama mdogo akaendelea kukataa kuwasha oveni. Nakumbuka minong'ono sebuleni, na nakumbuka mjomba akienda na kurudi kutoa taarifa kwamba watu wana njaa, kana kwamba mwenye nyumba hajui. Watu walipokuwa wamekaa wote, ndipo alipochoma mkate, vipande vichache kwa mkupuo mmoja, vyenye unene wa karibu sentimita 2, hata kingo zikawa na rangi ya kahawia na katikati pakabaki na ulaini kidogo. Mimi nilipewa kazi ya kitunguu saumu. Alinikabidhi punje iliyokatwa katikati, akanionyesha namna ya kuipitisha juu ya mkate ukiwa ungali moto: uso wa mkate uliochomwa vizuri ni kama msasa, unaila punje ile kidogo kidogo bila nguvu yoyote, na harufu yake hupanda mara moja. Kwa watu wazima nilipitisha mara mbili, kwa watoto mara moja. Kipande kikipoa kabla sijakifikia, punje iliteleza tu bila kuacha kitu, naye alikitambua kipande hicho kwa kukitazama na kukirudisha kwenye joto.

Baada yangu yeye alimimina mafuta, akaweka kijiko cha nyanya, akachanachana majani kwa vidole na kuyaangusha juu. Halafu alifanya jambo ambalo sijaliona kwa mpishi mwingine. Maji yaliyokuwa yamechuruzika chini ya chujio hakuyamwaga. Aliyatia mafuta kidogo, akayapiga kwa uma hadi yakawa mazito na kufifia rangi, akadondoshea matone machache kwenye kila kipande kilipokuwa kinatoka jikoni. Hakutumia sinia. Alitumia sahani ndogo, vipande vitatu vitatu, na mbeba sahani alitakiwa kutembea upesi.

Mjomba alipokea sahani yake, akaiweka juu ya meza mbele yake, kisha akaanza kusimulia habari ndefu ya gari lililomharibikia njiani. Habari ile ilikuwa bado haijafika kwa fundi wakati mama mdogo alipotoka jikoni akijifuta mikono, akaiondoa sahani mbele yake, akawapa watoto, akarudi na nyingine. "Kaka," alimwambia, "gari limeshatengenezwa. Kula kwanza." Mjomba alikula. Alifumba macho kidogo, akamaliza vipande vyote vitatu, kisha akainuka na kumfuata jikoni, na baada yake wengine wakafuata, hata ikawa watu wamejipanga kandokando ya meza ya jikoni wakila kwa kusimama, kila mmoja akingoja kipande kitoke kwenye moto. Alama ya kitunguu saumu ilibaki kwenye vidole vyangu hadi kesho yake.

Nilianza barua hii nikiwa nimeazimia kusema kwamba asiyejua kupika asiguse kitafunio hiki. Lakini sasa ninapoisoma habari niliyoiandika, naona kwamba aliyeshika kitunguu saumu jioni ile alikuwa ni mtu asiyeweza hata kuchemsha yai. Mikono yangu haikuwa na ujuzi wowote, na mkate ulitoka vizuri. Ujuzi wote wa mama mdogo ulikuwa katika kujua kitu gani kikutane na kipi, na kwa wakati gani. Hilo linaweza kuandikwa kwenye karatasi na kufuatwa na yeyote, kwa sharti kwamba karatasi hiyo isimwambie aandae mapema.

Kwa hiyo naomba nilegeze msimamo kwa kueleza ni nini hasa kinachoweza kutangulia na ni nini kisichoweza. Nyanya zinaweza kukatwa na kutiwa chumvi dakika 15 au 20 kabla, nusu kijiko cha chai kwa nyanya 4 za wastani, zikachuruzika kwenye chujio. Mapishi mengi husema mbegu na uteute wake vitupwe ili mkate usilowe, na hapo napinga. Utafiti uliofanywa katika Chuo Kikuu cha Reading nchini Uingereza na kuchapishwa mwaka 2007 ulionyesha kwamba uteute unaozunguka mbegu una glutameti nyingi kuliko nyama ya nje ya nyanya, na glutameti ndiyo inayoleta ladha ile nzito inayofanya ulimi utake kuongezewa. Anayetupa uteute anatupa utamu ili aokoe mkate. Mama mdogo hakuwa na habari za utafiti wowote, ila aliviokoa vyote viwili kwa chujio na uma.

Nyanya zenyewe zisilale kwenye friji. Joto likishuka chini ya nyuzi 12 hivi, uwezo wa tunda kutengeneza harufu yake hudhoofika, na watafiti wa Chuo Kikuu cha Florida walionyesha mwaka 2016 kwamba nyanya zilizokaa siku 7 kwenye nyuzi 5 hazikurudisha harufu yake yote hata baada ya kurejeshwa kwenye joto la kawaida. Katika chakula kinachopikwa kwa saa nzima upungufu huo hufichika chini ya viungo vingine. Hapa nyanya ni mbichi, na haina pa kujificha. Iwe imeiva kiasi kwamba ukiibonyeza inakubali kidogo, na kikonyo chake kinukie.

Mrihani ni mwepesi wa kuharibika kuliko vyote. Baridi ya friji huyatia majani yake madoa meusi, kisu butu huyaponda na kuyafanya meusi kingoni, na joto la mkate likikaa nayo muda mrefu hufukuza harufu. Ndiyo maana huingia mwisho, kwa kuchanwa, na ndiyo maana siyaamini mapishi yanayoagiza uchanganywe na nyanya kuanzia asubuhi. Uliokaushwa sina haja ya kuuzungumzia.

Kuhusu mkate, wengi husisitiza kwamba bila ciabatta, aina ya mkate wa Kiitaliano, kazi imeharibika, wakiamini kuwa ni mkate wa kale. Ciabatta ilianza kuokwa mwaka 1982 katika mji wa Adria, kaskazini mwa Italia. Mkate wowote wenye ganda gumu na ndani imara unatosha, hata uliolala siku moja, na huenda huo ukafaa zaidi. Mkate laini uliokatwa vipande tayari ndio usiofaa, kwa kuwa hauna nguvu ya kubeba kitu. Oveni yenye nyuzi 220 huuchoma kwa dakika 6 hadi 8. Asiye na oveni atumie kikaango kikavu au kibanika juu ya makaa, ambayo ndiyo njia ya asili na ndiyo ninayoipenda.

Lipo jingine ambalo mtu anayeanza anastahili kuambiwa, kwa sababu litamwondolea hofu. Nyanya si msingi wa kitafunio hiki. Zilifika Ulaya kutoka bara la Amerika katika karne ya 16, na zilichukua muda mrefu kukubalika jikoni. Maelekezo ya mchuzi wa nyanya yalianza kuonekana katika vitabu vya mapishi vya Italia mwishoni mwa karne ya 17. Mkate wa kuchoma wenye kitunguu saumu na mafuta ni wa zamani zaidi. Huko Toscana, mkoa wa Italia ya kati, mpaka leo huliwa hivyo hivyo, bila nyanya, hasa mafuta mapya yanapokamuliwa mwishoni mwa mwaka, na huitwa fettunta. Wakatalunya, watu wa kaskazini-mashariki mwa Hispania, nao huikata nyanya katikati na kuisugua kwenye mkate hadi libaki ganda tupu mkononi, hivyo hakuna cha kuporomoka. Ikiwa nyanya ulizopata hazina ladha, ziache, umpe mgeni mkate, kitunguu saumu, mafuta mazuri na chumvi, wala usiombe radhi.

Basi jibu langu kwa swali lenu, ambalo nimechelewa kulifikia, ni ndiyo. Mtu asiyejua kupika aandae kitafunio hiki, tena nadhani hakuna kinachomfaa kuliko hicho, kwa kuwa kila kosa lake huonekana mara moja na kipande kinachofuata hulirekebisha. Nasema hivyo nikidhani kwamba wageni wake hawazidi wanaoweza kuenea kandokando ya meza ya jikoni. Wakiwa wengi zaidi, aweke mkate wa moto kwenye kikapu, nyanya kwenye bakuli na kijiko, mrihani pembeni, kila mtu ajitandazie mwenyewe. Wengine wataona ni uvivu wa mwenyeji. Kwangu hiyo ndiyo njia pekee ya kuwalisha watu ishirini mkate huu ukiwa bado unalia mdomoni. Ama mwenyeji anayetaka kukaa na wageni wake tangu wanapoingia mlangoni, huyo achague kitafunio kingine, kwa maana mama mdogo hakukaa jioni ile hadi mkate ulipokwisha.

Kama kati ya wageni yupo mzee ambaye meno yake hayaruhusu tena kutafuna kitu kigumu, chake kiandaliwe dakika 10 kabla ya vingine, kwa mkate uliochomwa kidogo tu, na hicho kiachwe kilowe.