Joto la jiji halilegezi mgongo

Ndugu wahariri, wiki hii mmeuliza: "Kwa joto hili la Dar es Salaam, mtu ana haja gani ya kujitengenezea mfuko wa joto nyumbani?" Mimi ni fundi cherehani, Tandika. Nakaa kwenye stuli kuanzia asubuhi, nimeinamia kitambaa, na nikisimama jioni kiuno kinakataa kunyooka. Swali lenu limenigusa pabaya, ndiyo maana jibu langu litakuwa refu.

Ana haja, tena kubwa. Mchana wa Februari hapa mjini hewa hufika nyuzi 32 tukalalamika, lakini damu iliyomo mwilini ina nyuzi 37. Hewa hiyo inakutoa jasho tu, haina nguvu ya kuulegeza msuli uliokaza. Kinachoulegeza ni kitu cha moto kuliko mwili wenyewe, kikae pale pale panapouma, mishipa itanuke, damu ipite. Mzazi wa Temeke anakandwa Januari kama anavyokandwa Julai, na sijasikia mtu akimwambia asubiri kipupwe. Mwaka 2001 watafiti wa Marekani waliwapa wanawake wenye maumivu ya hedhi kibandiko cha joto la nyuzi 39 hivi, wakivae chini ya kitovu, na wengine wakawapa vidonge vya ibuprofeni. Joto lilituliza maumivu karibu sawa na vidonge. Hizo ni nyuzi mbili tu juu ya joto la damu.

Mfuko wenyewe ni wa kitambaa, ndani unajazwa chenga, yaani punje za mchele zilizovunjika. Kuutengeneza si kazi, ila kitambaa kina mambo yake na watu wengi hukosea hapo. Kiwe pamba tupu: marekani, kanga kuukuu, shuka la zamani. Siku hizi vipo vitenge vingi vya poliesta, na soksi nyingi za mitumbani zimechanganywa na nailoni. Chomoa uzi mmoja uuwashe kiberiti. Pamba huungua ikaacha jivu laini, poliesta hujikunja, ikayeyuka na kuacha kidonge kigumu. Kitambaa kikiacha kidonge, usikitumie. Uzi wa kushonea nao upime vivyo hivyo, maana uzi wa cherehani tunaouzoea mara nyingi ni poliesta. Zipu na vifungo vya chuma usiweke. Sentimita 20 kwa 40 zinatosha kiuno cha mtu mzima, ujaze theluthi mbili tu ili mfuko uweze kukunjika. Mwenye maikrowevu aushone kabisa pande zote, aupashe dakika moja kwanza, halafu aongeze kidogo kidogo, na kikombe cha maji kiwe humo humo pembeni yake. Sisi wa jiko la mkaa tunauacha mdomo wazi wa kufunga kwa kamba, kwa sababu punje hupashwa kwenye kikaango ndipo zikamiminwa. Mfuko wenyewe hauwekwi jikoni hata siku moja.

Wa kwanza niliouona ulitengenezwa Buguruni, nyumbani kwetu, usiku wa masika, umeme umekatika. Mama alikuwa mama ntilie. Siku nzima anainua masufuria, anainamia moto, na usiku ule mgongo ulimshika hata kukaa akashindwa. Mteja wake mmoja alikuwa amemweleza habari ya mchele wa moto kwenye soksi. Mama akatoa mchele wa Kyela aliotumiwa na kaka yake, akaanza kuupima kwa kikombe. Shangazi yangu, aliyekuwa amekuja kutoka Tanga, akasimama.

"Wifi, mchele wa Kyela huo unaukaanga?"

"Mgongo wangu, wifi, na mchele wangu."

"Basi ngoja nikupashie chumvi. Kwetu tunatumia chumvi ya mawe."

Mama akakaa kimya. Shangazi akamwaga chumvi kwenye kikaango, na ilipopata moto ikaanza kupasuka na kuruka, punje moja ikamwangukia mama mkononi. Mama akarudi kwenye mchele wake. Shangazi akafungua fundo la kanga yake, akanipa hela, akasema nikimbie kwa Mangi nikanunue chenga, mchele wa kula ubaki wa kula. Nikaenda na mvua ile. Mangi akaniuliza kama tumeanza kufuga kuku. Nikamwambia ni dawa ya mama, akaniongezea kikombe kizima bila kudai kitu.

Nilivyorudi, shangazi alikuwa ameshapunguza mkaa. Alizikaanga chenga kikavu, mwiko hautulii, nyumba nzima ikanukia kama bisi. Rangi ilipoanza tu kubadilika akatoa kikaango motoni. Mama aliushikilia mdomo wa mfuko, kipande cha kanga ya zamani kilichoshonwa kwa mkono, shangazi akamimina. Halafu akauweka kwenye kifundo cha mkono wake mwenyewe, upande wa ndani, akasubiri. Akautoa. Akauzungushia kanga ya pili, akajaribu tena, safari hii akaridhika. Mama akalala kifudifudi kwenye mkeka, mfuko ukawekwa kiunoni. Alinyamaza muda mrefu nikadhani amelala. Kisha akasema, uso bado umeelekea ukutani, "Wifi, kumbe nilikuwa naumwa hivi."

Miaka yote nimekuwa nikiwasimulia wateja mpaka hapo, halafu naishia. Lakini usiku ule uliendelea. Bibi wa nyumba ya pili alisikia mazungumzo yetu, akaja na taa yake kuomba naye apate. Alikuwa na sukari ya siku nyingi, na miguu ilimfa ganzi, anasema anaikanyagia ardhi asiisikie. Shangazi alizipasha chenga upya kwa moyo mmoja, akazifunga na ile kanga ya pili, akampelekea mpaka kitandani. Asubuhi mjukuu wake alikuja analia. Bibi, alipoona hasikii joto lolote, alikuwa ameivua kanga ya nje na kuukanyaga mfuko wenyewe. Nyayo zote mbili zilijaa malengelenge, na yeye hakuwa na maumivu. Mjukuu ndiye aliyeyaona.

Vidonda vya mtu wa kisukari havifungi upesi. Miezi ilipita shangazi akimsindikiza zahanati kufunga kidonda, safari yake ya kurudi Tanga akaiahirisha. Nesi aliwaeleza kwamba sukari ikikaa juu miaka mingi inaharibu mishipa ya fahamu ya miguuni, na mguu wa namna hiyo hautoi taarifa ukiungua. Kitu chenye nyuzi 60 kinaweza kuunguza ngozi ya mtu mzima vibaya kwa sekunde tano, na punje zikitoka kikaangoni zinapita hapo. Wewe mwenye kusikia utaruka kabla ya sekunde ya pili. Bibi alikuwa hana namna ya kuruka.

Nilipoanza kuandika nilitaka kusema kila nyumba ya Dar iwe na mfuko huu. Sasa nauandika mstari huo nikaufuta. Mtu mwenye ganzi asipewe, wa chenga wala wa umeme wa dukani. Mtoto mchanga asiwekewe. Aliyemeza dawa ya usingizi au aliyelewa asiachwe nao. Kifundo kilichoteguka leo na kimevimba kinataka barafu kwanza, joto lingoje siku mbili au tatu. Tumbo lililoanza kuuma ghafla, hasa chini kulia, pamoja na homa na kutapika, usilipoze kwa mfuko ukalala: hiyo inaweza kuwa kidole tumbo, nenda hospitali usiku huo huo. Na binti ambaye kila mwezi hedhi inamlaza asiende shule, mfuko utamsaidia usiku ule, lakini mpelekeni pia kwa daktari. Wengi tumewaambia tu wavumilie, na jambo hilo linaniuma kuliko mgongo wangu.

Mteja akiniagizia mfuko wa mama yake, namuuliza kwanza habari za miguu na sukari. Wapo walioondoka wamenuna, wakaenda kwa fundi mwingine, na mimi nikakosa hela ya siku hiyo. Mwenye mama wa miguu ya ganzi simshonei. Namwambia amkande mama yake kwa mikono na mafuta ya nazi, taratibu, na amkague nyayo kila jioni.

Wengine wote jibu langu kwao ni lile lile, ana haja. Dakika 20 zinatosha, kitambaa kiwe mara mbili, kifundo cha mkono wako kiujaribu kwanza. Chenga zikianza kunuka ungulio, mwaga, weka nyingine. Jirani akija kuuazima, mpelekee mwenyewe, ukae naye mpaka upoe, kisha urudi nao nyumbani.