Opena ya Kiviking: fua mdomo kwanza, nakshi baadaye

Opena ya kwanza niliyojivunia ilivunjika mkononi mwa shemeji yangu, kwenye sendofu ya binti wa jirani, na chupa yenyewe ilikuwa ya soda tu. Mpini wake nilikuwa nimeusokota vizuri, na kwa jioni tatu nzima nilikaa nikichonga kichwa cha joka kwenye ncha yake. Shemeji alishika kizibo, akabonyeza, ulimi wa opena, ile ncha inayonasa kizibo, ukakatika na kipande kikarukia kwenye sahani ya pilau ya mama mmoja aliyekaa mbele. Namshukuru Mungu hakuna aliyeumia. Nilirudi nyumbani na vipande mfukoni, na nadhani usiku ule ndipo nilipoanza kujifunza uhunzi.

Kosa lilikuwa kwenye chuma. Nilitumia springi ya gari kwa sababu kila fundi anaisifia: panga la springi, patasi ya springi, jembe la springi. Ni kweli, ni chuma chenye kaboni nyingi na kigumu. Lakini ukikitoa motoni kikiwa chekundu ukakitumbukiza kwenye ndoo ya maji baridi, kama nilivyofanya kwa haraka zangu, kinakuwa kigumu kama kioo na kinavunjika kama kioo. Panga likishazimwa hivyo hurudishwa motoni kidogo ili lilegee. Opena haihitaji safari yote hiyo. Inataka chuma laini cha kawaida, kile kinachotengeneza mageti na madirisha. Siku hizi naokota mabaki ya bapa kwa mafundi wa kuchomelea pale Mwanjelwa, Mbeya, upana wa mm 25 na unene wa mm 6. Kipande cha sentimita 15 kinatosha opena moja. Nondo nayo inafulika, ila kipande kimoja kitakubali nyundo na kingine kitapasuka, na kwa macho huwezi kuvitofautisha. Springi nimeiachia kazi ya zana.

Kuna chuma kingine nakuomba usikiguse kabisa, nacho ni kile kilichopakwa zinki: mabomba ya maji, boliti zinazong'aa, nyaya nene za uzio. Mwaka wangu wa pili nilipata bapa la namna hiyo kwenye skrepa, kwa bei ya bure. Lilipopata moto likaanza kutoa moshi mweupe, na majivu mepesi kama pamba yakawa yanaelea juu ya tanuri. Niliendelea kupiga nyundo. Usiku ule nilitetemeka mpaka kitanda kikalia, viungo vyote vinauma, mdomoni ladha tamu ya chuma. Mke wangu alijua ni malaria, nami nikajua hivyo hivyo. Asubuhi tukapima zahanati, hakuna vimelea. Kufikia jioni homa ilikuwa imeondoka yenyewe. Zinki huchemka kwenye nyuzi 907 za Selsiasi, na tanuri la mkaa lenye upepo mzuri hupita hapo bila shida, kwa hiyo unachovuta ni zinki yenyewe ikiwa moshi. Wapo wanaoshauri uiunguze kwanza "iishe" ndipo ufue. Huko ni kujipulizia sumu kwa makusudi. Liache hilo bapa, tafuta jingine. Na tanuri likae nje au kwenye banda lililo wazi pande tatu, hata kama ni Juni na baridi ya Uyole inakata masikio.

Kwa nini Waviking, wale mabaharia wa kale wa kaskazini ya Ulaya? Hapa Uyole watu wa kaskazini ya Ulaya si wageni. Nchi za Nordic zilisaidia kituo chetu cha kilimo miaka ile ya 1970, na mpaka leo huwa wanapita. Mmoja wao aliniona nikifua ndoano za kutundikia nguo, akanionyesha kwenye simu picha za sanduku la Mästermyr. Mwaka 1936 mkulima wa kisiwa cha Gotland, Sweden, alikuwa analima, plau yake ikanasa kwenye kitu. Kumbe ni sanduku la mwaloni la fundi wa zama za Waviking, limelala kwenye tope karibu miaka elfu moja, lina vitu zaidi ya 200.

Picha zile nilimpelekea mzee jirani yangu, Mkinga wa Makete, ambaye babu zake walikuwa wakifua majembe na kuyateremsha Unyakyusa kuyabadilisha na chakula. Alivaa miwani, akashika simu kwa mikono miwili. "Hili koleo," akasema. "Hili fuawe dogo la kuchomeka kwenye gogo. Hii tupa. Hii nyundo ya kunyooshea, ona uso wake umelika upande mmoja, mwenyewe alikuwa anatumia mkono wa kulia." Alivitaja kimoja kimoja bila kusoma maelezo. Kisha akanirudishia simu: "Mwanangu, huyu alikuwa mtu wa kazi."

Tangu siku hiyo sijachonga tena joka kwa grainda. Nakshi ninayoweka ni ile inayotoka kwenye nyundo, tindo na kusokota, kwa sababu ndiyo waliyoiweka wao. Mteja akitaka kofia yenye pembe namwambia ukweli: pembe zile zilienezwa na mavazi ya opera ya Kijerumani mwaka 1876, si makaburi ya Waviking.

Sasa moto. Usifue juani. Chuma chekundu kwenye jua la saa saba kinaonekana cheusi, utakipasha mpaka kiungue. Ngoja jioni au weka kivuli, ujifunze rangi. Damu ya mzee bado ni mapema, ukipiga hapo unajichosha na unapasua chuma. Rangi ya chungwa inafaa kunyoosha na kukunja. Kutoboa kunataka njano ya kiini cha yai. Kikianza kurusha cheche nyeupe, kimeungua. Kata sehemu hiyo utupe. Mkaa wa miwati kutoka Njombe naupenda kwa sababu ni mzito na haumaliziki upesi.

Anayevuta upepo naye ni fundi. Masimulizi ya kale ya Iceland yanasema nyundo ya Thor, mungu wao wa radi, ilitoka na mpini mfupi kwa sababu nzi alimuuma ukopeni kibeti Brokkr aliyekuwa anavuta mivukuto, akaachia kidogo tu apanguse damu. Kijana wangu anayezungusha feni ya gurudumu la baiskeli anaijua hadithi hiyo, na simlaumu akikataa kupokea simu katikati ya kazi.

Fua mdomo kwanza, yaani shimo na ulimi wa kushika kizibo, mpini ukiwa bado bapa tupu. Shimo likiharibika, umepoteza dakika ishirini tu. Nilipokuwa naanza na mpini nilikuwa napoteza jioni nzima.

Shimo halitobolewi kwa kubahatisha. Chuma cha kutobolea nimekifua kwa springi, ncha yake bapa yenye umbo la mbegu ya tikiti. Toa bapa likiwa njano, laza juu ya fuawe, simamisha ncha katikati, piga tatu nzito, kisha chovya ncha kwenye maji haraka kabla haijalegea. Rudia. Utafika mahali nyundo inaanza kudunda na sauti inabadilika, inakuwa kavu. Hapo umebana chuma chembamba kati ya ncha na fuawe. Geuza bapa upande wa pili uliangalie kwa utulivu: mahali ncha ilipogusa fuawe pamepoa kuliko pengine, na utaona doa jeusi, dogo, lenye umbo lile lile la mbegu ya tikiti, limekaa katikati ya wekundu. Weka ncha juu ya doa hilo hilo, sogeza kwenye tundu la fuawe, piga mara moja. Kipande kidogo kitadondoka chini kikilia. Nimefanya hivyo mara nyingi mno na bado nafurahi kila ninaposikia kile kipande kikianguka.

Baada ya hapo unapanua shimo kwenye pembe ya fuawe, ile ncha yake iliyochongoka, mpaka liwe duara lenye ubavu bapa. Vipimo vina maana. Waviking hawakuwahi kuona kizibo cha meno. William Painter wa Baltimore, Marekani, alikipatia hataza mwaka 1892, na vya leo vina meno 21, hesabu. Kikiwa kimebanwa kwenye chupa, upana wake ni kama mm 29. Mimi naacha mm 20 hivi kutoka ncha ya ulimi hadi ukingo wa mbele unaoegemea juu ya kizibo, ili egemeo livuke katikati kidogo. Ulimi unausukuma ndani kwa moto kutoka kwenye ukingo wa shimo, kisha unaunyoosha kwa tupa ukishapoa.

Usiingie kwenye mpini kabla ya kujaribu. Nina makubaliano na mama wa grosari: kila soda inayouzwa jioni naifungua mimi. Kizibo kikikunjika katikati, egemeo liko katikati mno. Opena ikiteleza, ulimi ni mfupi au umeviringika. Isiposhika kabisa, ulimi ni mnene, rudi kwenye tupa. Nikifungua kumi bila kuhangaika, narudi motoni.

Mpini sasa. Kwa kuanza, nenda na msokoto na mkia. Kwa msokoto, fua mpini uwe wa pembe nne, upashe moto urefu wote uwe rangi moja, bana kwenye vaisi, zungusha kwa spana bila kusita. Pakiwa na sehemu iliyopoa, msokoto utakataa pale na kujazana kwingine. Kwa mkia, nyoosha ncha iwe nyembamba kama mkia wa panya, kisha iviringishe polepole kwa nyundo ndogo. Merikebu ya Oseberg iliyofukuliwa Norway mwaka 1904 ina omo lililojiviringisha hivyo hivyo, kama nyoka, na kwangu hakuna nakshi ya Kiviking iliyo nzuri kuliko hiyo. Ukitaka maandishi, rune, yaani herufi za Waviking, zilikuwa na mistari iliyonyooka kwa sababu zilichongwa kwenye mbao na mawe, kwa hiyo tindo moja fupi linakutosha. Zigonge chuma kikiwa na moto. Kwenye ubaridi tindo linateleza.

Mwisho, brashi ya waya mpaka magamba meusi yatoke, kisha rudisha kwenye moto kidogo tu, kiasi kwamba tone la maji linachemka juu yake lakini rangi haijabadilika. Paka nta ya nyuki kwa kitambaa cha pamba. Itatoa moshi, itaingia kwenye kila mkunjo wa msokoto. Futa inayobaki, itundike kwenye msumari mpaka asubuhi.