Leta (serikali) inaweza kujua niko wapi?

SWALI: Yaya, niko Kadutu, Bukavu. Eti leta inaweza kujua mahali niko hata sijapigia mutu simu, ni kweli ao ni kutishana tu?

JIBU: Ni kweli ndugu yangu, sababu simu ikiwaka tu inaongea na antene za karibu na kampuni inabaki na alama, antene gani ilikushika na saa ngapi, hata ukizima GPS. Katiba yetu ya Kongo ya 2006, artikle 31, inalinda maisha ya siri na mawasiliano ya mutu, isipokuwa pale sheria inaruhusu, na apo njo kuko mlango leta inaweza kupitia (mi siupendi). Kule Marekani Korti Kuu ilisema mu 2018 polisi kwa kawaida watafute kwanza ruhusa ya jaji mbele ya kuchukua alama izo ku kampuni ya simu. Wee ukitaka usifuatwe, simu ibaki nyumbani.